Kufuta Vitu katika Picha na Hukumu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suala na mmoja katika vijana wa darsa yetu, ambaye kazi yake ni kuwapigia madalali picha za nyumba na viwanja vinavyouzwa. Alisema: "Maalim, dalali huniambia, iondoe nguzo hii, liondoe jaa hili, kiwanja kipate kupendeza. Nami hugusa kwa kidole katika simu, kitu kikaondoka kana kwamba hakikuwako. Je, ujira wangu ni halali?"

Tulikuwa karibu kumjibu kwa maneno mawili. Lakini juma lile lile alitujia ndugu yetu mwengine, mtu aliyefanya kazi Maskati miaka mingi, naye alikuwa amenunua kiwanja upande wa Kisauni kwa picha nne alizotumiwa kwa simu. Katika picha zile kiwanja ni mchanga na nyasi na mwarobaini mmoja. Alipokuja kwa likizo na kwenda kukitazama, alikuta chini ya mwarobaini pana makaburi matatu yaliyozungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Makaburi yale hayakuchimbwa jana, kwani ukuta wake umekwisha kuota kuvu. Alipomkabili muuzaji, jawabu aliyoipata ni hii: "Mimi sikukwambia kwamba hapana makaburi. Wewe hukuniuliza."

Kijana wetu alizitazama zile picha nne. Alisema hakuzifanya yeye. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba lau zingaliletwa kwake angalifanya vivyo hivyo, wala asingaliuliza ni makaburi ya nani. Basi tukaona kwamba suala hili halifai kujibiwa kwa maneno mawili.

Wanachuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Wako miongoni mwetu wanaosikia neno "akili bandia" wakasema papo hapo ni haramu, na wako wanaosema ni chombo tu kama kisu, wala hapana la kuuliza. Wote wawili wamehukumu kabla ya kujua. Na tujue kwanza.

Kugeuza picha si jambo la leo. Tangu zamani mafundi wa picha walikuwa na kalamu na burashi za kuondoa chunusi usoni na kukoleza nyusi. Wako pia walioondoa watu wazima. Katika miaka ya 1930 Stalin, mtawala wa Urusi, alipigwa picha kando ya mfereji wa Moscow, na ubavuni mwake yupo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri. Yezhov aliuawa mwaka 1940, na picha ile ikatolewa tena bila ya yeye. Pahali aliposimama pamechorwa ukingo wa mfereji na maji. Kazi ile ilitaka fundi hodari na saa nyingi. Mwaka 2010 programu ya Photoshop ilitoa njia ya kukijaza kipande kilichofutwa kwa kuangalia vipande vya jirani yake. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitia kifutio cha namna hii katika simu zake. Na mwaka 2024 kampuni ya Apple nayo ikatia chake. Mambo yaliyokuwa ya mafundi wa watawala sasa yamo mfukoni mwa kila mtoto wa skuli.

Sasa, chombo hiki hufanya nini hasa? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wao hudhani kwamba kifutio kinaondoa kitu kama mtu anavyoondoa pazia, na nyuma ya pazia ukaonekana ukuta uliokuwapo siku zote. Sivyo. Kamera haikupata kuona kilichokuwa nyuma ya nguzo, kwa sababu nguzo ilikizuia. Simu nayo haijui. Linalofanyika ni kwamba mtambo umefundishwa kwa picha nyingi mno, mamilioni juu ya mamilioni, hata ukajua kwamba kando ya mchanga kwa desturi huwa mchanga na kando ya tofali huwa tofali. Ukifuta kitu, mtambo unaangalia yaliyozunguka tundu ulilolitoboa, kisha unachora mle ndani kitu ambacho macho ya watu yatakikubali. Haufichui kilichokuwapo, unabuni.

Tulitaka kulihakikisha jambo hili kwa macho yetu. Tulimwambia kijana apige picha ya mlango mmoja wa nakshi katika Mji wa Kale, ambao mbele yake imeegemezwa baiskeli, kisha aifute baiskeli mbele yetu. Aliifuta, na pahali pake pakatokea nakshi nzuri, maua na majani, zimeungana na zilizo juu yake hata huoni kiungo. Kisha tukaenda mlangoni, tukamwomba mwenye baiskeli aisogeze. Nyuma yake hapakuwa na nakshi hata moja. Palikuwa na ubao mtupu, kiraka alichotia seremala ule wa zamani ulipooza. Wenzetu walicheka, nasi tulicheka pia. Lakini laiti mtu angalinunua mlango ule kwa picha ile, angalilipia maua ambayo hayakupata kuchongwa na mkono wa mtu yeyote.

Kwa hivyo turudi kwa muuzaji wetu wa Kisauni na hoja yake. Hoja yake ni kwamba alinyamaza, na mnyamavu hakusema uwongo. Twasema: lau angalituma picha za upande mmoja tu wa kiwanja, asipige upande wa mwarobaini, hapo angaliweza kudai kwamba amenyamaza, na hata kunyamaza huko kuna dhambi yake, kama tutakavyoeleza. Lakini yeye hakunyamaza. Picha yake imesema: "Chini ya mwarobaini pana nyasi." Hii ni khabari, na khabari ama ni kweli ama ni uwongo. Wala asitwambie kwamba khabari ni mpaka itamkwe kwa ulimi. Katika fikihi ishara ya bubu inayofahamika hutendewa kama matamshi, na mtu hufunga bei yake na nikahi yake kwa ishara hiyo. Basi itakuwaje picha, ambayo ni wazi kuliko ishara ya mkono, isiwe usemi?

Na sheria yetu haikungoja simu ndipo ilijue jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwafunga chuchu ngamia na kondoo ili maziwa yajae kiweleni, mnunuzi apate kudhani kwamba kila siku mnyama huyu hutoa kiasi hicho. Atakayemnunua mnyama wa namna hii ana khiyari baada ya kumkama: akitaka atamweka, na asipotaka atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Zingatieni hapa, ndugu zetu. Muuzaji yule hakusema neno. Hakuapa wala hakusifu. Alifanya kitendo katika mnyama, na kitendo kikasema kwa niaba yake, na Mtume (s.a.w.) akakihesabu kitendo kile kuwa ni udanganyifu.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wakakisia juu ya hadithi hii. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mtu anayezuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha akayafungulia wakati wa kuuza ili yaonekane ni mengi. Akataja pia, kwa zile zama binadamu walipokuwa wakiuzwa sokoni, kuyapaka mashavu wekundu na kuzitia nywele weusi na kuzisokota. Yote haya yanampa mnunuzi haki ya kurudisha. Tulipofika mahali hapa katika darsa, kijana wetu alisema, "Maalim, hii ndiyo kazi yangu." Na alisema kweli: kupaka mashavu na kutia nywele weusi ndiko kupamba picha, ila wao wakimpamba aliyeuzwa mwenyewe.

Lakini kuna mas'ala nyengine pale pale ambayo yatupasa tusiifiche, kwani inaonekana kumsaidia muuzaji. Nawawi amesema kwamba mtu akizitia wino nguo za mtumwa wake, mnunuzi akadhani kwamba mtumwa huyu ni mwandishi, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hana khiyari. Kwa nini? Kwa sababu doa la wino si dalili ya nguvu. Mtu huweza kuchafuka wino akiwa amebeba kidau tu, na mnunuzi aliweza kumpa kalamu akamjaribu. Amezembea mwenyewe. Sasa, mtu aliyenunua kiwanja kwa picha, je, ni kama aliyedanganywa kwa nywele au ni kama aliyedanganywa kwa wino?

Tulijadiliana jambo hili usiku mzima, na wako waliosema ni wino, kwa sababu siku hizi kila mtu ajua kwamba picha hufutwa, na asiyejihadhari ajilaumu nafsi yake. Sisi hatukuafiki. Doa la wino humwacha mtazamaji na mambo mawili yanayowezekana, naye huchagua lile analolipenda. Picha iliyofutwa haimwachii kitu cha kuchagua: jicho linaona nyasi. Na mtu aliye Maskati hana kalamu ya kumpa mtumwa amjaribu. Hili ni la nywele, si la wino. Ama kauli kwamba kila mtu ajua, hiyo ni kusema kwamba uwongo ukienea hukoma kuwa uwongo, na hatujui mwanachuoni aliyesema hivyo.

Na hata yule anayenyamaza tu asidhani ameokoka. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata majimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kwamba ni mvua iliyokipata. Mtume (s.a.w.) akamuuliza mbona asiyaweke yaliyolowa juu watu wapate kuyaona, kisha akawatoa wadanganyifu katika jamaa yake. Mtu yule hakuchora nafaka kavu juu ya iliyolowa. Nafaka ilikuwa ni yake, na iliyo kavu ilikuwa kavu kweli. Kosa lake ni kupanga. Basi anayechora ana hali gani?

Tena twaona haya kusema, lakini tutasema: wako watu ambao si wa dini yetu wanaoishika amana hii kuliko sisi. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilimwachisha mpiga picha mmoja mashuhuri kwa sababu katika picha ya vita vya Syria alifuta kamera ya mwenziwe iliyoonekana pembeni. Kamera ile haikuwa na maana yoyote katika khabari yenyewe. Haikumwongeza mtu wala kumpunguza. Walakini walimwachisha, na wakaziondoa picha zake katika hazina yao. Na mwezi wa Machi mwaka 2024 mashirika makubwa ya habari yaliirudisha picha ya mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza na watoto wake, kwa kuwa ilionekana mkono wa nguo ya mtoto haulingani. Hawa wanauza khabari, nao wamejua kwamba ukifuta kamera leo bila ya kulaumiwa, kesho utafuta maiti.

Isije ikafahamika kwamba twaharimisha kufuta kote. Picha ya marehemu baba yako iliyoliwa na mchwa pembeni, au yenye doa la chai, ukaisafisha, hapana ubaya, umeirudisha ilivyokuwa. Ukimpiga picha mwanao ufukweni na ukaondoa mfuko wa plastiki uliokuwa mchangani, kisha ukaitundika ukutani kwako, hapana mtu uliyemdhulumu, kwani hapana mtu anayekata shauri lolote kwa mfuko ule. Picha ya kupamba ni kitu kimoja, na picha ya kutolea ushahidi ni kitu kingine. Picha moja huweza kutoka upande huu ikaingia upande ule: ya arusi hukaa ukutani miaka thelathini ikiwa ni pambo, hata siku mwenyewe akifa ikaletwa kuonyesha nani alikuwa mke na nani alikuwa mtoto. Kwa sababu hii hatupendi tabia iliyoingia majumbani mwetu, mtu akimwacha mkewe huzichukua picha za jamaa akamfuta mle ndani, hata watoto wake wakakua wakiona picha za sikukuu ambazo mama yao hakuwamo. Mbele ya Kadhi nasaba haithibiti kwa picha. Huthibiti kwa ndoa, na kwa kukiri, na kwa mashahidi. Picha ni karina tu. Lakini karina iliyotiwa mkono humpotosha shahidi mkweli, kwani mzee akionyeshwa picha husema, "Kumbe siku ile hakuwapo," akaitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe, iliyo sahihi. Na Qur'ani katika Sura ya Baqara, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi, na imeutaja moyo wa mwenye kuuficha kuwa ndio wenye dhambi.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalifikiri. Wanachuoni waliohalalisha picha za kamera, na mashuhuri katika wao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa Mufti wa Misri, hoja yao ilikuwa kwamba kamera haiumbi wala haichori. Yakifunga kivuli tu, kama kioo kinavyoonyesha uso. Hoja hii ni nzuri kwa picha kama ilivyopigwa. Lakini kipande kilichojazwa na mtambo hakikuwa kivuli cha kitu chochote duniani. Kimechorwa. Kwa hivyo hoja ya kioo haikifikii, na hukumu yake inarudi kwenye hukumu ya kuchora. Ikiwa kilichochorwa ni mchanga au ukuta au mti, Ibn Abbas (r.a.) amekwisha mruhusu mchoraji achore miti na visivyo na roho. Ama mtambo ukikamilisha mkono wa mtu uliofichwa na nguzo, au ukitengeneza jicho la marehemu palipoliwa na mchwa, basi hapo pana kuchora chenye roho, na anayejitahadharia na dini yake aache. Tena jicho lile si la baba yako.

Tumeulizwa pia kuhusu mwanamke wa watu aliyepita nyuma yako bila ya kujua, akaingia katika picha yako. Kumsitiri ni jambo jema, tena bora kuliko kumwacha aenee katika simu za watu. Lakini sisi twapendelea afunikwe uso kwa weusi au ukungu kuliko afutwe. Anayefunika anakiri kwamba amefunika, na mtazamaji anajua kwamba hapa palikuwa na mtu. Kufuta huficha hata kule kuficha kwenyewe.

Sasa majibu. Kijana wetu, ujira wako kwa kupiga picha ni halali. Ujira wa kufuta katika picha za kuuzia una kipimo kimoja chepesi: jiulize, je, kitu hiki mnunuzi atakikuta siku atakapokabidhiwa? Nguzo ataikuta, na makaburi atayakuta, na ufa wa ukuta ataukuta, na mfereji wa maji machafu ataunusa kabla ya kuuona. Hivi usivifute, kwani utakuwa umesaidia katika dhulma, na Sura ya Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi. Mbuzi apitaye na gari la jirani havimo katika bei, na ukivifuta hatukulaumu. Ila ungalingoja dakika tano mbuzi angalipita, nawe usingalihitaji fatwa. Ama jaa la taka ambalo dalali asema litaondolewa kabla ya kukabidhi, mwambie aliondoe kwanza, kisha akuite.

Na ndugu yetu wa Maskati, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu, bei ya kitu ambacho mnunuzi hakukiona haisihi tangu asli yake, na picha hizi si kuona. Kwa kauli ya kale ya Imamu Shafii bei ya asichokiona mtu yasihi, lakini ana khiyari akiona, naye ameona, akakataa. Kwa njia zote mbili pesa zake zarudi. Njia iliyo salama ilikuwa kumuwakilisha mtu amwaminiye, aende kiwanjani kwa miguu yake, kwani kuona kwa wakili kunatosha. Wala mas'ala haya hayaendi kwa Kadhi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, na ndoa, na talaka, na mirathi tu. Bei ya ardhi ni ya mahakama nyengine. Sisi tumempa hukumu ya dini, na tumemwita muuzaji tukamsomea mlango wa mnyama aliyefungwa chuchu. Amekubali kurudisha. Mpaka tunapoandika haya amerudisha nusu, na kwa nusu iliyobaki ameomba muda hadi baada ya Mfunguo Mosi, na mashahidi wawili wameandikwa.

Kijana alikwenda kumweleza dalali kipimo chetu. Dalali alisikiliza kwa adabu, kisha kazi akampa mwengine. Wenye viwanja wanaotaka picha ya kiwanja kama kilivyo watamkuta msikitini baada ya swala ya Alasiri. Juma lijalo, inshallah, tutaendelea na mlango wa khiyari ya kasoro, na kila mtu aje na kitabu chake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.